Bao Kabla ya Ubao: Malezi na Michezo katika Nchi ya Suguti

Suguti ni jina la mto, ni jina la kijiji, na ni jina la kata. Mto huo hushuka kutoka bara ya Mkoa wa Mara na kumimina maji yake katika Ziwa Viktoria, kusini ya mji wa Musoma, katika nchi ambayo watu wake hulima muhogo na mtama, hufuga, na huvua samaki. Msomaji wa pwani huenda hajapata kulisikia jina hilo. Wanaisimu wamelizoea, kwani walipoziainisha lugha za Kibantu za maziwa makuu waliliazima wakalipa tawi zima: Kijita, Kikwaya na Kikara, lugha zinazosemwa kandokando ya ziwa na visiwani, huitwa kwa pamoja lugha za Suguti. Mto mdogo umekuwa jina la ukoo wa lugha.

Iko sababu nyingine ya kulikumbuka jina hili. Nchi ya Suguti imezungukwa na mahali patatu palipoigusa kwa namna ya pekee elimu ya mtoto wa Kitanzania. Upande wa magharibi, ng'ambo ya maji, iko Ukerewe, alikoishi mwandishi aliyeyaweka katika kitabu malezi ya watu wa ziwani kabla hayajasahauliwa. Upande wa mashariki iko Butiama, alikozaliwa mtoto ambaye, kama isimuliwavyo, mchezo ndio uliomfikisha skuli. Na upande wa kaskazini uko mji wa Musoma, ambako mwaka 1974 iliamuliwa kwamba kila mtoto wa nchi aingie darasani. Safari ya mtoto kutoka nyumbani hadi skuli, na kutoka mchezo hadi somo, imo yote ndani ya mzunguko huo.

Kabla ya skuli, nyumba ndiyo iliyokuwa ikisomesha, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa mchezo. Mtoto wa mfugaji alifinyanga ng'ombe wa udongo, akawajengea zizi la vijiti, akawatoa malishoni na kuwarudisha. Alipofikia umri wa kukabidhiwa mbuzi wa kweli, alikuwa amekwisha kuchunga kundi la udongo kwa miaka. Mtoto wa mvuvi alichonga mtumbwi wa kiasi cha kiganja akautia katika maji ya ufukweni, akaona upepo unausukuma wapi na wimbi linaupindua vipi. Wasichana walipika mchanga katika vifuu na vigae, wakabeba watoto wa magunzi mgongoni, wakaamua nani mke, nani wifi, nani mgeni aliyechelewa na lazima atengewe chakula. Mchezo huo wa kujipikilisha haukuwa na mwalimu aliyesimama mbele, lakini ulikuwa na utaratibu: mwenye kukosea aliambiwa amekosea, na aliyeambiwa alijirekebisha ili asitolewe mchezoni.

Mambo haya hayakuwa ya Mara peke yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 juu ya Wagikuyu, alitenga sura nzima ya elimu ya mtoto kabla ya jando, na humo akaonesha kwamba michezo ya watoto ilikuwa mazoezi ya kazi za wakubwa. Otto Raum, aliyekulia miongoni mwa Wachaga, alichapisha mwaka 1940 kitabu kizima juu ya utoto wa Kichaga, na mchezo una nafasi kubwa ndani yake. Wote wawili walikuwa wakijibu dai lililoenea wakati ule, kwamba mtoto wa Kiafrika hakuwa na elimu mpaka alipojengewa darasa.

Jibu la watu wa ziwani liliandikwa Ukerewe. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alikuwa katika kizazi cha mwanzo cha Wakerewe waliosomeshwa na wamisionari. Mtu huyo wa skuli, mjuzi wa lugha kadhaa, alikaa kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya maisha ya nyumbani. Aliimaliza mwaka 1945. Nusu yake ya mwanzo inasimulia jinsi bwana Myombekere na bibi Bugonoka walivyoteseka kwa kukosa mtoto. Nusu ya pili inawafuata watoto waliopatikana hatimaye, Ntulanalwo na dada yake Bulihwali, tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Mwenye kuisoma anaona namna mtoto anavyolelewa na ua mzima, jinsi maneno ya wakubwa yanavyomfikia akiwa katika shughuli zake, na jinsi adabu inavyoingia pamoja na chakula. Kitereza alitaka vizazi vijavyo vijue wahenga wao waliishi vipi. Muswada ulikaa miaka 35. Mwenyewe aliufasiri kwa Kiswahili, na hatimaye Tanzania Publishing House ikauchapisha mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981.

Katika mkasa huo mna jambo la kuzingatiwa. Mtu wa kwanza kuisimulia elimu ya nyumbani kwa ukamilifu namna ile alikuwa amepitia skuli, na lugha iliyoisafirisha hadithi yake ilikuwa Kiswahili. Bila ya skuli asingeiandika, na bila ya nyumba asingekuwa na la kuandika.

Jioni ilikuwa na darasa lake. Watoto walipokusanyika motoni na bibi akaanza kutega, kila mmoja alikuwa mtahiniwa. Kitendawili ni mtihani wa kweli: kinaficha kitu kinachojulikana nyuma ya sura ya kitu kingine, na kumtaka mtoto azishike sura mbili kwa wakati mmoja. Anayeambiwa kuna nyumba isiyo na mlango lazima aiache nyumba anayoijua, apite katika vyote visivyo na tundu, mpaka afikie yai. Katika Kiswahili mwenye kutega husema kitendawili, wenziwe hujibu tega, na wakishindwa huambiwa watoe mji. Mtoto wa miaka mitano, asiyemiliki hata jozi ya viatu, ana Mombasa mkononi na anaweza kuitoa sadaka. Lugha za bara zina taratibu zao za kutega na kujibu, lakini kazi ni ileile, na msomaji wa ushairi hatashindwa kuiona: hapo ndipo mtoto anapoonja sitiari kwa mara ya kwanza, kabla hajalijua jina lake. Vivyo hivyo kwa mizani. Anayeruka kamba au kupiga makofi kwa wimbo hujua silabi imezidi kwa sababu mguu umekanyaga kamba. Wengi wanaohesabu mishororo leo walijifunza hesabu hiyo kwa miguu.

Katika michezo yote ya akili, hakuna uliofika mbali kama bao. Wapwani huliona kuwa lao, na wana haki. Ufundi wa bao la Kiswahili, pamoja na namua na mtaji wake, nyumba na kichwa na kimbi, ni wa hali ya juu mno. Mholanzi Alex de Voogt, aliyewafanyia utafiti mafundi wa bao wa Unguja, aliwasilisha mwaka 1995 tasnifu nzima kupima mipaka ya akili ya binadamu kwa kuwatazama wanavyocheza. Hata hivyo, nchi za maziwa makuu zina mabao yao yenye safu nne za mashimo manane: Waganda wana omweso, Wanyarwanda igisoro, Wasukuma isolo. Ubao wake huchongwa katika gogo na wenye uwezo. Asiyekuwa na gogo huchimba ardhini, akaokota mawe au mbegu, na mchezo ni uleule.

Tazama hesabu iliyomo humo. Mashimo ni 32, kete ni 64. Kila mchezaji ana mashimo 16 na kete 32. Mpwani anapoanza bao la Kiswahili huweka kete 10 ubaoni, 6 zikiwa katika nyumba, na 22 hubaki akiba ya kunamua. Lakini Waswahili, kwa hekima ya walezi, walitenga bao jingine kwa ajili ya mwanafunzi, wakaliita bao la kujifunza: kete zote 64 huwa ubaoni tangu mwanzo, mbilimbili katika kila shimo, ili mtoto asitatizwe na akiba wala nyumba. Hili ni jambo la kustaajabiwa. Watu wasiokuwa na wizara ya elimu wala mtaala waliona kwamba mwenye kuanza ahitaji mchezo mwepesi unaofanana na mgumu, wakautunga, na wakaupa jina linaloeleza kazi yake.

Mtoto hafundishwi bao kwa maelezo. Hukaa pembeni ya wakubwa, akatazama. Siku ya kwanza huona mikono tu. Kisha huanza kujua kwamba kete saba zikianzia hapa zitaishia pale. Kisha hujua kabla ya mchezaji mwenyewe. Siku moja mzee mmoja anapokwenda kutawadha au kufungua mlango wa zizi, mtoto huambiwa ashike nafasi. Hapo ndipo anapochekwa, na kicheko hicho ndicho sahihi yake ya mwalimu, kwa sababu hakuna anayemcheka asiyetarajiwa kujua.

Kwa njia hiyo ndivyo inavyosimuliwa habari ya mtoto wa Butiama. Kambarage alizaliwa Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na wa Mugaya Nyang'ombe, mke wake wa tano. Alikulia nyumbani kwa mama yake, akichunga mbuzi. Burito alikuwa na rafiki, Mtemi Makongoro wa Ikizu, na wazee hao wakikutana walicheza bao. Wasimulizi wa maisha ya Mwalimu wanasema kwamba Makongoro alipocheza na mtoto yule aliona akili isiyo ya kawaida, akamshauri baba yake ampeleke skuli. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage aliingia katika skuli ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka kwao.

Isifanywe ngano tupu. Serikali ya Kiingereza wakati ule ilitaka watoto wa watemi wasome ili warithi kazi ya utawala, na mwana wa Burito alikuwa na mlango ambao mwana wa jirani yake hakuwa nao. Huenda angefika Mwisenge hata bila ya bao. Lakini kisa hiki hakisimuliwi bure. Kinahifadhi kumbukumbu ya jambo moja: mtihani wa kwanza wa kuingia skuli wa mtu atakayeitwa Mwalimu na taifa zima haukuwa na karatasi wala kalamu. Msahihishaji wake alikuwa mzee aliyeketi mbele ya mashimo 32, akatambua kwamba elimu ilikuwa imekwisha kuanza.

Huko Mwisenge mtoto alikutana na ubao mwingine. Lugha hii yetu imeyaweka maneno mawili karibu mno: bao ambalo watu wawili huketi wakitazamana, na ubao ambao watu 40 huketi wakiutazama kwa upande mmoja. Alikutana pia na Kiswahili, lugha ambayo nyumbani kwao haikuwa ikisemwa. Aliishika kwa namna ambayo wapenzi wa ushairi hawahitaji kukumbushwa. Mtu huyo aliyeanza na Kizanaki alitufasiria Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na katika miaka yake ya mwisho akazigeuza Injili kuwa tenzi, zilizochapishwa mwaka 1996. Na lugha ya mama hakuiacha: mwaka 1955, alipoiacha kazi ya ualimu na kurudi kwao Mara, alimfundisha Kizanaki padri mmoja wa Maryknoll.

Mwezi Machi 1967 alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwanzoni mwa hoja yake aliyasema yale ambayo Kitereza aliyaandika kwa njia ya hadithi: kwamba Afrika ya kabla ya ukoloni haikuwa na skuli, lakini watoto walielimishwa, wakajifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa wao. Hakuna kiongozi wa nchi aliyeitambua elimu ya nyumbani kwa uwazi zaidi katika waraka wa serikali. Mwaka huohuo Kiswahili kikathibitishwa kuwa lugha ya kufundishia katika skuli zote za msingi.

Miaka saba baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma. Elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kukamilika mwaka 1989, ilisogezwa hadi 1977. Azimio la Musoma liliiamsha nchi. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, mengine yakawa chini ya miti. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Ulikuwa pia mwaka wa kuhamishiwa vijijini. Familia zilizoishi mbalimbali, kila ukoo na ua wake na miti yake, ziliwekwa katika safu za nyumba karibu na skuli na zahanati. Kisha Sheria ya Elimu ya 1978 ikamtaka kila mzazi amwandikishe mtoto aliyetimiza miaka 7.

Atakayelilaumu Azimio hilo na atafakari kwanza habari za wasichana. Nyumba ilifundisha vyema, lakini haikuwafundisha wote yaleyale. Mchezo wa kujipikilisha ulimwandalia msichana jiko, na mtoto wa gunzi ulimwandalia mimba; bao lilikuwa la wanaume barazani, na msichana aliyesimama kulitazama aliitwa ndani akachote maji. Katika nchi ambako mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, binti aliyekua alikuwa pia mali ya kaka yake atakayeoa. Hakuna mtemi aliyeketi kumpima akili yake na kumwambia baba yake ampeleke Mwisenge. Kwa maelfu ya wasichana, mlango haukufunguliwa na mchezo. Ulifunguliwa na sheria. Hii ndiyo haki kubwa ya Musoma, na hakuna mapenzi ya mila yanayoweza kuifuta.

Lakini kila neema ina gharama yake, na gharama hii haikuandikwa popote. Waraka wa 1967 ulisema kwamba nyumba ilikuwa ikifundisha. Azimio la 1974 lilimpeleka mtoto skuli kwa haraka kiasi kwamba hapakuwa na wakati wa kumuuliza amekuja na nini. Mwalimu kijana mwenye watoto wengi chini ya mwembe asingeweza. Alianza na alifu, kana kwamba mbele yake wameketi watoto watupu. Aliyejua kuhesabu kete 64 bila ya kugusa alifundishwa moja hadi kumi kwa vijiti. Taratibu mzazi naye aliamini hivyo: kwamba kusoma ni kile kinachofanyika kule, na kwamba yeye, asiyejua kuandika jina lake, hana la kumfundisha mwanawe. Nyumba ilijiuzulu kazi yake bila ya kufukuzwa na mtu.

Pengo likabaki katika miaka ya kabla ya 7. Sera ya Elimu ya 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi, na ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Visiwani, ambako huitwa elimu ya maandalizi, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliiingiza katika elimu ya lazima. Ada ilipoondolewa tena bara, madarasa yalifurika. Tathmini za Uwezo, zilizoanza kutolewa mwaka 2010, zilionesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili, na serikali ikabuni mtaala mpya wa madarasa ya mwanzo unaoshikilia kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika mitaala na miongozo hiyo neno mchezo limo tena. Wataalamu wanasema mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza, na mwalimu anahimizwa atengeneze zana kwa vitu vya mazingira yake: mawe, mbegu, vifuu, magunzi.

Mawe, mbegu, vifuu, magunzi! Bibi wa Suguti angesoma orodha hiyo angedhani ameibiwa.

Hapa pwani na visiwani liko funzo lenye kutia moyo. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walitaka watoto wao wapate elimu ya mwanzo isiyowatenga na dini na utamaduni wao. Kwa msaada wa Aga Khan ilianza kazi iliyoongozwa na Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, na kutoka hapo zikazaliwa skuli za maandalizi za madrasa, zilizofika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kinamama wa mtaani walifunzwa kuwa walimu. Kuta zilipambwa kwa vitu vya nyumbani. Nyimbo na hadithi za Waswahili ziliingia darasani pamoja na Kurani. Baadaye Zanzibar ikawa na vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, vilivyowafikia watoto waliokuwa mbali na skuli. Katika mifano hiyo yote nyumba haikuombwa ikae pembeni. Iliombwa ilete ilichonacho.

Mtoto wa Suguti ana mzigo mmoja zaidi, nao ni lugha. Mtoto wa Unguja akiingia maandalizi hukuta nyimbo zimeandikwa kwa maneno ya mama yake. Mtoto wa Mjita au Mkwaya ambaye kwao husemwa lugha ya kwao huacha lugha mlangoni, na michezo iliyofungamana nayo huachwa papo hapo. Kitendawili hakifasiriki kirahisi. Kila mfasiri anajua kwamba kitendawili kinachosimama juu ya sauti ya neno huanguka neno likibadilishwa. Hata tarakimu zina historia. Sita, saba na tisa za Kiswahili zilitoka Uarabuni kwa jahazi. Ng'ambo ya ziwa, kutoka Buganda hadi Ukerewe, sita ni mukaga. Mtoto anayejifunza kuhesabu kwa Kiswahili hupata taifa zima na pwani yake. Akisahau mukaga hupoteza ziwa.

Haya si malalamiko juu ya Kiswahili. Kitereza alikichagua, na Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo huko Ukerewe, alikitumia kuyatikisa mashairi yetu mwaka 1974, mwaka uleule wa Azimio. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wake wa Lugha za Tanzania ulioanza mwaka 2001, kimetoa misamiati ya lugha nyingi za nchi. Lakini msamiati huhifadhi neno, hauhifadhi mchezo. Mchezo hauna kabati. Hukaa katika mikono ya anayeucheza, na mikono hiyo ikiingia mfukoni kwa kizazi kimoja, hakuna wa kuitoa.

Mwaka 2020 swali hili lilirudi bila ya kuitwa. Tarehe 17 Machi skuli zilifungwa nchini kwa sababu ya maradhi ya korona, na watoto wa skuli za msingi hawakurudi mpaka tarehe 29 Juni. Kwa miezi mitatu nyumba zote zilikuwa skuli kwa lazima. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, na miji ilizungumza juu ya intaneti. Kwa mzazi wa kijijini asiye na kimoja kati ya hivyo, daftari lilipokwisha, ilionekana kwamba elimu imekwisha. Ilhali uani palikuwa na udongo wa kuchimba mashimo, na katika nyumba nyingi palikuwa na mzee aliyejua kucheza. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mzee yule kwamba anachokijua ni elimu.

Hapo ndipo kisa cha Makongoro kinapotufaa hata leo, kiwe kimetokea kama kinavyosimuliwa au kimeongezewa chumvi na mapenzi ya watu. Mtemi yule hakumfundisha Kambarage lolote, alimkuta amefundishwa. Wala hakusema kwamba kwa kuwa mtoto anajua bao basi haihitaji skuli. Alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja: aliiheshimu elimu aliyoikuta, na akaitafutia njia ya kwenda mbele. Waraka wa 1967 ulifanya jambo la kwanza, Azimio la 1974 likafanya la pili, na nusu karne baadaye bado yanatafutana.

Hayahitaji fedha nyingi kukutana. Yanahitaji mwalimu wa awali atakayemuuliza mtoto siku ya kwanza ni mchezo gani anaoujua na kwao unaitwaje, na atakayemwita bibi mmoja kwa wiki aje ategee darasa vitendawili kwa lugha yake, watoto wayatafute majibu kwa Kiswahili. Yanahitaji mashimo 32 yachimbwe kivulini, kete mbilimbili kila shimo, na wasichana waketi upande mmoja wa bao na wavulana upande wa pili. Na yanahitaji mtu mzima, kama yule wa Ikizu, mwenye subira ya kushindwa na mtoto na kufurahi.